Kulwa Hakuwa Mmoja

Mayu Nkwimba,

Mwangaluka, mayu. Najua ungecheka namna ninavyoitamka. Ungesema ulimi wa Lushoto uliumbwa kwa ajili ya kunywea chai ya maziwa tu, Kisukuma hauwezi. Cheka. Nimeanza kwa salamu ya kwenu, na kwa kukuita mama kwa Kisukuma, kwa sababu nina habari, na wewe ulikuwa humsikilizi mtu anayeleta habari kabla ya salamu, hata kama nyumba inaungua.

Habari yenyewe ni hii: nimewapata. Yule Kulwa Masanja ambaye jina lake lilikutoa chumba cha upasuaji hakuwa mtu mmoja. Ni wanawake wawili, na hawajawahi kuonana. Mmoja anaishi upande wa Ipililo, mwingine Lamadi. Nimekaa na huyu, nimekaa na yule, nimelinganisha tarehe zao za kupasuliwa, na ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa mwandiko wako mwenyewe. Nimeuonyesha kwa mganga mfawidhi, kwa daktari wa upasuaji na kwa wauguzi wa zamu zote mbili. Halafu nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda nao pikipiki mpaka Nyashimo, kwa binti yako Limi.

Kwa Limi ndiko kulikokuwa na haraka, mayu. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kisu. Safari hii pia walimwambia kliniki kwamba lazima apasuliwe, kovu la kwanza si la kuaminika. Na yeye alikuwa ameapa mbele ya mume na mawifi kwamba hospitali iliyomdhalilisha mama yake haitamgusa, bora afie ndani kwake. Tangu nisikie hilo nilikuwa silali vizuri, maana aliyekudhalilisha si hospitali. Ni mimi. Acha nieleze tangu mwanzo, wewe ulikuwa hupendi mtu anayeruka mistari.

Nilikuja Simiyu na stashahada yangu ya kumbukumbu za afya, kompyuta mpya na kiburi cha kutosha watu watatu. Wewe ulikuwa muuguzi mkuu wa thieta, mwenye rejesta ya upasuaji. Siku ya kwanza niliposimama mlangoni kukutazama unavyoijaza, nilidhani umezeeka. Mwanamke analetwa kwa machela, uchungu umemshika, daktari ameshavaa glovu, na wewe unamwinamia sikioni: "Nyumbani wanakuitaje?" Anajibu kwa shida, pengine anatabasamu kidogo, na wewe unachomoa penseli kwenye kofia yako unaandika pembeni mwa mstari. Sikuwahi kuona rejesta ya serikali ya namna ile, imejaa ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, majina yasiyo kwenye kadi. "Ng'wana Ngasa, kwa fundi baiskeli." "Doto mrefu, si yule wa kwaya." "Huyu ni Shija, kadi ni ya wifi yake."

Nilikwambia, sista, rejesta si barua ya posa. Ulinitazama juu ya miwani yako iliyofungwa uzi, ukasema, "Sawa, Mswahili. Kwenu kila mtu ana jina lake. Huku Kulwa si jina la mtu, ni zamu ya kutoka tumboni." Ukanihesabia kwenye vidole: pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, atakayewafuata Shija. Ukasema nikiita Kulwa katikati ya watu watageuka wengi, na kama nikiongeza Masanja nitakuwa nimewapunguza kidogo tu. Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa nakupenda, mayu, tangu mwanzo, ndiyo maana kosa langu linaniuma namna hii. Ulikuwa unaniletea michembe kwenye kopo la maziwa ya unga, unanilazimisha nitafune mpaka mataya yaume, unasema viazi vikavu ndivyo vinavyompa mtu akili ya kuhesabu.

Nilipoanza kuhamishia rejesta kwenye kompyuta nilijaza jina, umri, makazi, aina ya upasuaji, zamu. Zile penseli zako niliziacha. Uliponiuliza nikakujibu kwamba mfumo hauna safu ya maneno ya pembeni. Ukarudisha penseli kwenye kofia. Ungekuwa umenipiga na ile rejesta kichwani, ningekushukuru leo.

Halafu vikaja vidonda. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji walianza kuonekana kwenye zahanati za vijijini, mishono imefumuka, inatoa usaha. Vijijini maneno yakasambaa kwamba kisu cha hospitali kimefanyiwa dawa, na wengine wakaanza kuzalia nyumbani hata pale walipoambiwa ni hatari. Mganga mfawidhi akaniita, akaniambia nitafute tatizo linaanzia wapi.

Mayu, nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Hii ndiyo kazi niliyoisomea. Nilikuwa najua kwamba hospitali ikijitazama yenyewe hujiona safi siku zote, kwa sababu anayeharibikiwa nyumbani harudi kuilalamikia, huenda zahanati ya jirani, au kwa mganga wa kienyeji, au hupona mwenyewe kwa bahati. Ukitaka ukweli lazima uwafuate wote waliopasuliwa, mpaka kwenye kitabu cha zahanati ya mwisho huko ambako barabara inaishia. Hilo wazo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Nilikusanya vitabu vya zahanati, nikaviingiza kwenye kompyuta, nikaiambia iunganishe majina ya thieta na majina ya wenye vidonda.

Ikaunganisha. Kompyuta haina aibu, ukiiambia iunganishe inaunganisha.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Kulwa Masanja. Huyo alikaribia kufa. Kwenye orodha ya thieta Kulwa Masanja alikuwa mara mbili, mara moja kwenye zamu yako, na kurasa kadhaa mbele kwenye zamu ile nyingine. Umri ule ule wa kukadiria. Makazi Bariadi kwa wote, kwa sababu wote walikuwa wamefikia kwa ndugu mjini wakisubiri siku zao. Mimi nikaona nimeandika mtu mmoja mara mbili. Nikamfuta wa pili. Kwa kidole changu, mayu, nikiwa nakunywa chai.

Akabaki Kulwa mmoja, wa zamu yako, mwenye kidonda kibaya kuliko vyote. Na hakuwa yeye tu. Akina Doto, akina Shija, akina Limi na Mabula, wote niliwafunga kamba na watu wasio wao, na nyingi za kamba hizo zikaangukia kwako, maana wewe ndiye uliyekuwa na zamu nyingi. Niliandika ripoti nzuri, ina rangi. Kwenye kikao nilisema vyombo vya zamu yako huenda havichemshwi ipasavyo. Nilisema "huenda". Watu hawakusikia huenda.

Ukahamishiwa chumba cha chanjo. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kituo, lakini mji huu si mkubwa, na kabla ya mchana kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ulipita dirishani kwangu, ukaniwekea kopo la michembe mezani kama kawaida yako, ukasema, "Mswahili, umehesabu majina. Hukuhesabu watu." Nilidhani ni uchungu unaosema. Sikukuuliza maana yake, na wewe hukunirudia.

Masika yalipoanza ukaanguka jikoni kwako, presha. Nilikuja kwenye mazishi Nyashimo, nikasimama nyuma kabisa na madereva. Limi aliniona. Alivuta kitenge akafunika uso upande wangu, akageukia kaburi. Nilirudi bila kula.

Sasa sikiliza ilivyotokea.

Miezi ilipita. Siku moja alikuja mwanamke dirishani na mtoto wake mgongoni, anataka kadi mpya, ya zamani imeliwa na panya. Namwuliza jina, anasema Kulwa Masanja. Nikamwambia kwa upole pole sana mama, kile kidonda kilipona vizuri? Akanishangaa. "Kidonda gani? Mimi mshono wangu ulifunga kama gunia la mpunga." Nikamwambia si ndiye aliyerudishwa mahututi? Akakasirika, mayu, mpaka mtoto akaamka. Akataka kujua ni nani anayemsema kwamba ameoza, kama ni mke mwenzie nimwambie hapo hapo. Nilimpa kadi mpya, nikamwomba radhi, nikafunga dirisha wakati foleni bado ipo. Watu wakanitukana kwa Kisukuma na safari hii nilielewa.

Nilikwenda stoo. Rejesta yako ilikuwa chini ya maboksi ya fomu za zamani. Nikafungua ukurasa wa Kulwa wa zamu yako; tarehe ilikuwa ya yule wa dirishani. Pembeni, kwa penseli: "Ng'wana Ngasa, wa Ipililo, amefikia kwa dada yake." Nikapekua mpaka kwa Kulwa wa pili, yule niliyemfuta. Ile haikuwa zamu yako, nilijua hakutakuwa na kitu. Kilikuwepo. Ulikuwa unapita wodini asubuhi kuwauliza hata waliopasuliwa na wenzako, mimi penseli nilikuwa siisomi, sikuwa najua. Pembeni uliandika: "Wa Lamadi, muuza dagaa. Si ng'wana Ngasa, msiwachanganye."

Msiwachanganye. Uliniandikia, kabla sijafanya. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo na rejesta mapajani. Nililia, ndiyo, sina haja ya kukuficha. Lakini nitakwambia kitu cha ajabu. Katikati ya kulia nilianza kufungua kurasa nyingine, na kila ukurasa penseli ilikuwepo, miaka yote, mstari kwa mstari, na nikaanza kupata joto la furaha ambalo sikulipata hata siku nilipohitimu. Kwa sababu niliona kwamba kila mtu aliyepita kwenye meza ile anaweza kupatikana. Wote, mayu. Mkoa huu wote ulikuwa pembeni mwa rejesta yako.

Niliomba vibali, nikapewa kwa masharti ya siri za wagonjwa, nikaanza upya. Safari hii sikuiachia kompyuta. Kila mwisho wa juma nilipanda pikipiki na orodha yangu. Lamadi nilimkuta yule muuza dagaa, akanieleza kidonda kile kilivyokaribia kumuua: kilikuwa chake. Barabara ya Ipililo pamba ilikuwa imepasuka kulia na kushoto, nyeupe mpaka machoni. Kwenye kila zahanati nilikaa na muuguzi, na yule mhudumu wa afya wa kijiji anayejua kila kaya, tukapitia jina kwa jina. Nilikuwa nasema "Kulwa" wananiuliza "Kulwa yupi?", na mimi nasoma penseli yako: "Wa fundi baiskeli." Hapo hapo wanapiga makofi: "Aa, huyo." Nimejifunza majina ya kuzaliwa, ya ubatizo, ya ukoo, ya mtoto wa kwanza. Mwanamke mmoja kijijini ni Limi, si huyu wako, kwa kuwa alizaliwa jua likiwaka, kanisani ni Maria, Lamadi kwenye samaki wanamwita Mama Shija. Vitabu vitatu, wanawake watatu, na mwili ni mmoja wenye mshono mmoja. Nilipomuunganisha nilicheka peke yangu barabarani, nikakaribia kuingia kwenye kundi la ng'ombe. Mchungaji akaniuliza kama ni mzima. Nikamjibu, "Mhola duhu." Ungesikia jinsi lilivyotoka safi.

Orodha ilipokamilika nilizipanga zamu mbili tena. Mayu, zamu yako haikuwa na ubaya wowote. Hata ile nyingine haikuwa na ubaya. Vidonda vilitoka huku na kule sawasawa, vyombo vilikuwa vinachemshwa, mikono ilikuwa inanawiwa. Hakuna aliyekuwa mchafu thieta.

Basi vidonda vilitoka wapi? Hapo ndipo nilipokwama kwa majuma. Nilijaribu umri, nikajaribu daktari, nikajaribu umbali wa kijiji, nikaona wa mbali wanaumia zaidi lakini si wote. Nikarudi Ipililo nikiwa nimechoka, nikamwekea muuguzi wa zahanati orodha ya wenye vidonda vibaya tu. Ni mama wa makamo, anaongea kidogo. Aliipitia kwa kidole, akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha, "Hawa si ndio walioletwa na lori la mnada?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Siku ya mnada wa ng'ombe malori yanakuja mjini na watu na mifugo, jioni yanarudi. Ndugu wanapita wodini wanabembeleza: mpeni ruhusa mgonjwa wetu, usafiri upo leo, kesho haupo. Wodi imejaa, muuguzi amechoka, ndugu ni wengi na wana heshima zao. Mgonjwa wa siku mbili anaruhusiwa. Anapandishwa nyuma ya lori, amesimama au ameketi juu ya magunia, mashimo yote ya barabara ile yanampitia tumboni, vumbi na kinyesi cha ng'ombe vinamwingia. Akifika nyumbani hakuna wa kumtazama mshono. Nilirudi mbio nikapanga siku za ruhusa. Karibu wote, mayu. Karibu wote walitoka siku ya mnada.

Kilichowaumiza kilikuwa nje ya thieta kabisa. Ni huruma yetu wenyewe, kuwaachia mapema ili wapate usafiri. Kama ningewahesabu watu tangu mwanzo, ningekiona, na wewe ungekuwepo kunionyesha kwa kidole.

Niliomba kikao. Nilisimama mbele ya wale wale, nikasema jina lako kwanza. Nikasema nilifuta mtu, nikaeleza nilivyomfuta, na chai nikaitaja. Daktari wa upasuaji akavua miwani akaifuta muda mrefu. Mganga mfawidhi akasema saini kwenye barua ile ya uhamisho ni yake, si yangu, na kwamba atajibu kwa sehemu yake. Nikamheshimu kwa hilo. Alikubali iandikwe barua ya kukusafisha, iingie kwenye faili lako la utumishi. Ofisa utumishi akaniambia faili la marehemu limeshafungwa, haliongezwi karatasi. Nikamwambia lifunguliwe. Akasema hakuna utaratibu. Nikamwambia nitakaa pale mpaka utaratibu upatikane, na nikakaa, mayu, na kopo langu la michembe, nikitafuna kwa sauti. Siku ya pili utaratibu ukapatikana.

Sasa hatutoi ruhusa kwa ajili ya lori. Mama akipasuliwa anakaa mpaka mshono utazamwe na daktari aseme sawa, na akitoka, zahanati ya kwao inapigiwa simu ijue anakuja, kwa majina yake yote. Kwenye mfumo nimeomba safu, wameiweka: jina la nyumbani. Usipoijaza, kompyuta haikuruhusu kuendelea. Wauguzi wapya wanalalamika kwamba inachelewesha kazi. Nawasikiliza, najisikia mimi mwenyewe, nawapa michembe.

Vidonda vimepungua. Nasema hivyo kwa uangalifu, bado nafuata, bado nazunguka zahanati. Lakini muuguzi wa Ipililo juzi alinipigia simu kuniambia tu kwamba mwezi huu hajamwona hata mmoja. Mtu asiyesema sana akipiga simu kukwambia hilo, utajua mwenyewe.

Baada ya kikao ndipo nilipokwenda Nyashimo. Nilimkuta Limi uani anapepeta choroko, tumbo limemtangulia. Hakunipa kiti. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, nikazitandaza nakala za rejesta chini, nikaziwekea mawe, nikapiga magoti kumwonyesha. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Aliacha ungo. Akainama kwa shida, akapitisha kidole juu ya penseli, akasema, "Huu mwandiko wa mayu." Halafu akanitazama. "Na wewe ulimfuta huyu." Nikasema ndiyo, nilimfuta. Kuku wakaanza kula choroko zilizomwagika, na hakuwafukuza.

Nilimwambia sikuja kuomba anipende. Nilikuja kumwambia kwamba thieta ya mama yake ilikuwa safi, na bado ni safi, na kwamba akiikimbia kwa sababu yangu atakuwa ananilipia mimi kosa langu kwa mwili wake. Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Aliokota ungo wake akaendelea kupepeta. Niliondoka nikijua nimeshindwa.

Juma lililofuata walimleta. Alishuka kwenye gari la shemeji yake, amejishika kiuno, akapita mbele ya dirisha langu bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja wodi ya wazazi. Nilikaa kwenye kiti changu sijui nilikuwa naandika nini. Wanasema alipoingizwa, muuguzi kijana wa zamu alimwinamia akamwuliza, "Nyumbani wanakuitaje?" Limi akacheka, kisha akalia, kisha akamwambia. Sitaliandika hapa, wewe unalijua na ni lenu.

Una mjukuu wa kiume, mayu. Mkubwa, ana kichwa cha kuvalia kofia ya baba. Jina bado wanabishana, upande wa baba wanataka la babu yao, upande wenu wanasema mvua ilikuwa inanyesha kwa hiyo ni Mabula na hakuna la kujadili.

Siku ya mnada ilipofika alikuwa na siku tatu tu. Shemeji walikuja na lori linanguruma nje ya geti. Walibembeleza vizuri, kwa heshima zote, wakasema barabara ni nzuri siku hizi, wakasema atakaa mbele kwa dereva. Daktari akakataa. Wakamgeukia Limi mwenyewe, na yeye akiwa amelala anamnyonyesha mwanawe akasema, "Lori likapakie ng'ombe." Wodi nzima ilicheka, mpaka wenye mishono wakajishika matumbo kwa maumivu. Lori likaondoka.

Ameruhusiwa leo asubuhi. Mshono umekauka vizuri, daktari ameutazama mwenyewe. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nimembebea beseni na kanga. Sikuwa na mpango wa kusema kitu, lakini alipokuwa ameshakaa nilimwomba msamaha tena, hapo hapo kwenye mlango wa gari, watu wanasikia. Alimfunika mtoto uso, jua lilikuwa kali. Akasema, "Mimi nimekusamehe ya kwangu. Ya mayu siwezi kukusamehe mimi, si yangu. Mwandikie."

Nikarudi ofisini, nikafunga dirisha, nikachukua karatasi.

Mayu, nilimfuta Kulwa, na nilipomfuta yeye nikakufuta na wewe. Ulikuwa unajua na hukunitukana. Nakuahidi kwamba maadamu nashika kazi hii sitafuta mstari wa mtu kabla sijaenda kumtafuta mwenyewe, hata kama yuko mwisho wa barabara, hata kama ni masika. Na wanaokuja nyuma yangu nitawafundisha hivyo, kwa jina lako. Lala salama, wabeja kwa yote.

Nisamehe.

Rashidi, Mswahili wako